Maisha ya Bibi Mary McLeod Bethune

Imeandikwa na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika gazeti hili la shule yetu tumezoea kusoma habari za watu mashuhuri waliotutangulia. Muhula huu nataka kuwaeleza maisha ya mama mmoja wa Marekani, Bibi Mary McLeod Bethune, aliyefariki mwaka wa 1955. Nimemchagua kwa sababu sisi wa Kidato cha Nne tunaulizwa kila mara na walimu, wazazi na hata wadogo zetu: tukitoka hapa tutakuwa nani? Wengi tuna majibu tayari. Mmoja atakuwa daktari, mwingine mwanasheria, mwingine rubani. Lakini ni wachache wanaofikiri watafanya nini ikiwa mlango wanaoutaka utafungwa. Bibi Bethune alijua tangu ujana wake kazi aliyotaka kuifanya. Akajitayarisha kwa miaka mingi, kisha akanyimwa. Mambo aliyoyafanya baada ya kunyimwa ndiyo yaliyomfanya ajulikane duniani.

Alizaliwa tarehe 10 Julai, 1875, karibu na mji mdogo wa Mayesville, katika jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Baba yake aliitwa Samuel McLeod na mama yake Patsy. Wote wawili walikuwa watumwa, na baadhi ya watoto wao wakubwa walizaliwa utumwani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo vilikwisha mwaka wa 1865, na watumwa wakapewa uhuru. Kwa hiyo Mary, mtoto wa kumi na tano katika watoto kumi na saba, alizaliwa huru.

Uhuru ulikuwepo, lakini umaskini nao ulikuwepo. Wazee wake walijikusanyia fedha kidogo kidogo wakanunua shamba dogo, wakalima pamba. Watoto wote walifanya kazi shambani, na Mary tangu utotoni alikuwa hodari wa kuchuma pamba. Mama yake aliendelea kuwafanyia kazi Wazungu waliokuwa mabwana zake zamani. Inasimuliwa kwamba siku moja Mary alikwenda na mama yake katika nyumba ya Wazungu hao. Akaona kitabu, akakishika. Mtoto wa Kizungu akamwambia akiweke chini, maana yeye hajui kusoma. Jambo hilo lilimchoma moyo. Katika siku za utumwa sheria ya jimbo lile ilikataza watumwa wasifundishwe kusoma, na ingawa sheria hiyo ilikuwa imekwisha, shule za watoto weusi zilikuwa chache mno. Mary akaanza kufikiri kwamba tofauti kubwa kati yake na yule mtoto ilikuwa kitabu, akanuia ajue kusoma.

Nafasi ilipatikana alipokuwa na umri wa miaka kama kumi hivi. Kanisa la Presbiteri lilifungua shule ndogo pale Mayesville, na mwalimu wake alikuwa mwanamke mweusi, Bibi Emma Wilson. Mary alikwenda kwa miguu maili kadhaa kila siku, kwenda na kurudi. Jioni akirudi nyumbani aliwafundisha wenzake yale aliyojifunza. Majirani waliokuwa wakiuza pamba wakamletea hesabu zao awasomee, ili wasipunjwe kwenye mizani. Tangu hapo, kwake yeye elimu ilikuwa kitu cha kugawana na watu.

Alipomaliza shule ile alirudi shambani, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na fedha za kumpeleka mbele. Basi kulikuwa na mwanamke mmoja mbali sana, katika mji wa Denver, jimbo la Colorado. Jina lake Mary Crissman, na kazi yake ilikuwa kushona nguo. Mshoni huyu aliweka akiba katika mapato yake ili amsomeshe mtoto mmoja mweusi, mtoto ambaye hajapata kumwona. Mwalimu Wilson akamchagua Mary. Mwaka wa 1888 akapanda gari la moshi kwenda Scotia Seminary, shule ya bweni ya wasichana katika mji wa Concord, North Carolina. Huko alikaa mpaka mwaka wa 1894. Alisoma masomo ya vitabuni, na pia alipika, alifua na kufagia ili kusaidia kulipa gharama zake. Sisi tunaolala bwenini, ambao baadhi yetu karo zetu hulipwa na mjomba, shangazi au mfadhili tusiyemjua, tunaweza kuelewa jinsi mtoto yule alivyojiona ana deni.

Katika miaka hiyo ndipo nia yake ilipokomaa. Alitaka kuja Afrika kuwa mmisionari, awafundishe watu wa bara walilotoka wazee wa wazee wake. Kwa ajili hiyo alikwenda Chicago kusoma katika chuo cha Bwana Dwight Moody, kilichowatayarisha watu kwa kazi ya Injili. Mwaka wa 1895, alipokuwa na miaka kama ishirini, alipeleka maombi yake kwa halmashauri ya misheni ya Presbiteri. Jibu likaja kwamba hapakuwa na nafasi Afrika kwa wamisionari weusi.

Hebu tufikiri kidogo juu ya jibu hilo. Msichana amesoma miaka mingi kwa fedha za fundi wa nguo. Wazazi wake wamekubali kukosa mikono yake shambani. Amejitayarisha kwa kazi moja tu, na sasa anaambiwa kazi hiyo si yake kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Baadaye alieleza kwamba huo ulikuwa uchungu mkubwa kuliko wote alioupata maishani. Angeweza kurudi Mayesville akachume pamba, na hapana mtu ambaye angemlaumu.

Yeye akatafuta kazi ya ualimu. Akapelekwa katika mji wa Augusta, jimbo la Georgia, kwenye shule iitwayo Haines Institute. Mwenye shule hiyo alikuwa Bibi Lucy Laney, mwanamke mweusi aliyezaliwa kabla utumwa haujakwisha, ambaye aliianzisha kwa shida nyingi. Mary alimtazama mama huyu akifanya kazi. Akaona watoto wengi weusi wa mji ule wakizurura bila shule. Hapo ndipo akatambua kwamba watu aliotaka kuwavukia bahari walikuwapo mlangoni pake. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa.

Mwaka wa 1898 aliolewa na Bwana Albertus Bethune, naye alikuwa mwalimu. Mwaka wa 1899 wakapata mtoto wa kiume, wakamwita Albert. Ndoa hiyo haikudumu. Bwana Bethune aliondoka mwaka wa 1907, na mama akabaki na mtoto na kazi yake. Walipokuwa wangali pamoja walihamia Palatka, katika jimbo la Florida. Bibi Bethune alifundisha huko, na ili kupata riziki aliuza pia bima. Kisha akasikia kwamba mahali paitwapo Daytona watu weusi wengi walikuwa wamefika kujenga njia ya reli, na watoto wao hawakuwa na shule. Akafunga mizigo yake akaenda.

Sasa nimefika mahali ninapopapenda kuliko pote katika habari hizi. Tarehe 3 Oktoba, 1904, Bibi Bethune alifungua shule yake Daytona. Fedha zote alizokuwa nazo zilikuwa dola moja na senti hamsini. Nyumba aliyopanga kodi yake ilikuwa dola 11 kwa mwezi, na mwenye nyumba alikubali kumngoja. Wanafunzi walikuwa wasichana watano, na wa sita alikuwa Albert mwanawe. Madawati yalikuwa makasha yaliyotupwa. Kalamu zilikuwa vijiti vilivyounguzwa motoni, na wino ulikuwa maji ya matunda ya porini. Vitu vingine aliviokota katika majaa na nyuma ya mahoteli ya matajiri: taa, sahani zilizopasuka, viti vyenye miguu mitatu. Kila kitu kilioshwa, kikatengenezwa, kikatumiwa.

Aliwafundisha wasichana kusoma, kuandika, hesabu na dini, pamoja na kupika na kushona. Usiku yeye na wanafunzi walipika mikate ya viazi vitamu, na asubuhi wakaiuza kwa wajenzi wa reli. Alipanda baiskeli akapiga hodi nyumba baada ya nyumba kuomba msaada. Alipotaka kiwanja cha kujenga shule yake mwenyewe, alikichagua kipande cha ardhi kilichokuwa jaa la mji. Akakubaliana na mwenyewe bei ya dola zaidi ya mia mbili, akatoa arabuni ya dola 5 tu, nazo alizipata kwa kuuza aiskrimu na mikate ile ile. Haba na haba hujaza kibaba.

Kuna habari moja inayojulikana sana juu ya siku hizo. Tajiri mmoja, Bwana James Gamble, ambaye jamaa yake walikuwa wenye kiwanda kikubwa cha sabuni, alikuwa na desturi ya kukaa Daytona wakati wa baridi. Bibi Bethune alimwandikia, akamwomba aje aione shule na awe mdhamini wake. Tajiri akaja. Akaona kibanda na vitoto vichache, akauliza iko wapi hiyo shule anayotakiwa aidhamini. Bibi Bethune akamjibu kwamba shule hiyo imo akilini mwake, na kwamba anamwomba awe mdhamini wa kile anachokiona yeye moyoni. Gamble akakubali, akawa mdhamini kwa miaka mingi. Mimi nadhani hakukubali kwa ajili ya maneno matamu. Aliwaona wale watoto wamekaa juu ya makasha wakisoma, akajua kwamba mwenye maneno haya amekwisha anza kazi kwa mikono yake.

Mwaka wa 1907 shule ilihamia katika jengo lake yenyewe, likaitwa Jumba la Imani. Kufikia mwaka wa 1910 wanafunzi walikuwa wamepita mia moja, na wengi wao walilala hapo hapo. Mwaka wa 1911 Bibi Bethune alifungua hospitali ndogo. Sababu yake ilikuwa kwamba mwanafunzi wake mmoja aliugua tumbo akahitaji kupasuliwa, na katika hospitali ya Wazungu akalazwa kwenye baraza ya nyuma, kwa kuwa alikuwa mweusi. Hospitali ile ya Bibi Bethune ilianza na vitanda viwili tu, lakini iliwatibu watu weusi wa Daytona, na ilifundisha wauguzi. Mwaka wa 1923 shule yake iliungana na shule ya Cookman, ya mji wa Jacksonville, na baadaye ikawa chuo kilichoitwa Bethune-Cookman. Tangu mwaka wa 2007 chuo hicho ni chuo kikuu, na kipo hata leo.

Mwaka wa 1920 wanawake wa Marekani walipata haki ya kupiga kura katika nchi nzima. Kusini mwa nchi watu weusi walizuiwa kwa hila nyingi, mathalani kwa kutozwa kodi ya kura na kutahiniwa kusoma. Bibi Bethune akafungua darasa la usiku kuwafundisha watu, akakusanya fedha za kuwalipia kodi. Usiku mmoja, katika miaka ile ya mwanzo ya 1920, watu wa chama cha Ku Klux Klan waliovaa kanzu nyeupe na kufunika nyuso zao walikuja shuleni ili kumtisha. Bibi Bethune aliamuru taa zote za shule ziwashwe, akasimama mbele ya jengo, na wasichana wake wakaimba nyimbo za dini. Wale watu wakaondoka. Siku ya kura ilipofika aliwaongoza watu wake kwenda kupiga kura.

Sasa nieleze jambo ambalo huku kwetu halijulikani sana. Katika vyuo vya Marekani wanafunzi wa kike wana desturi ya kuungana katika vyama vya udugu, ambavyo huitwa kwa herufi za Kigiriki. Wanawake weusi walianza vyama vyao katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington. Cha kwanza, Alpha Kappa Alpha, kilianzishwa mwaka wa 1908. Mwaka wa 1913 wanafunzi 22 walianzisha kingine, Delta Sigma Theta, na hawakukawia, kwa maana mwezi wa Machi mwaka huo huo walitoka barabarani katika maandamano ya wanawake waliodai haki ya kura. Mwanachama haachi udugu huo amalizapo masomo. Huwa wake maisha yote. Hata leo vyama kama hivyo huwakusanya vijana wao mahali pa faragha kwa siku chache, ili kila mmoja afikiri na kuandika shabaha ya maisha yake. Bibi Bethune hakusoma Howard, lakini udugu wa Delta Sigma Theta ulimfanya mwanachama wa heshima.

Bibi Bethune aliona kwamba wanawake weusi walikuwa na vyama vingi, na kila kimoja kilifanya kazi peke yake. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuwa rais wa chama kikubwa cha wanawake weusi wa nchi nzima tangu mwaka wa 1924 hadi 1928. Basi mwezi wa Desemba 1935, mjini New York, aliviita vyama hivyo pamoja, vya udugu na vinginevyo, vikaunda Baraza la Taifa la Wanawake Weusi. Aliliongoza mpaka mwaka wa 1949.

Mwezi wa Novemba 1937 baraza hilo lilikuwa na mkutano New York, na mgeni wake alikuwa Bibi Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa Marekani. Msichana mmoja wa miaka 25, Dorothy Height, alipewa kazi ya kumwingiza mgeni mkutanoni. Bibi Bethune akamtazama, akamwuliza jina lake, akamwambia aje afanye kazi naye. Dorothy baadaye aliuongoza udugu wa Delta Sigma Theta, na tangu mwaka wa 1957 akaliongoza baraza lile kwa miaka kama arobaini. Hivyo ndivyo Bibi Bethune alivyowalea viongozi: akiwaita vijana karibu na kuwapa kazi ya kweli.

Kazi yake ilimfikisha hata serikalini. Mwaka wa 1936, katika siku za Rais Franklin Roosevelt, alipewa kuongoza mambo ya watu weusi katika idara ya taifa ya kusaidia vijana. Hapana mwanamke mweusi aliyepata kushika kazi kubwa kama hiyo katika serikali ya nchi hiyo kabla yake. Miaka ile ilikuwa ya shida kuu ya uchumi, na idara hiyo iliwapa vijana kazi ndogo ndogo za malipo ili waweze kuendelea na masomo. Bibi Bethune alipigania fungu la vijana weusi. Mwaka wa 1945, mataifa yalipokutana San Francisco kuunda Umoja wa Mataifa, naye alikuwapo, mmoja wa washauri waliopelekwa na chama cha kutetea haki za watu weusi.

Si watu wote waliompenda. Wengine walimwona mpole mno kwa matajiri wa Kizungu, kwa kuwa alipokea fedha zao na kuwaimbisha wanafunzi mbele yao. Wazungu wengine nao walimchukia kwa sababu hakukubali kuketi nyuma. Mimi naona kwamba mwenye kulisha watoto mia katika nchi yenye sheria mbaya hawezi kuchagua kila mkono unaompa unga. Tazama alivyoutumia unga huo, ndipo umhukumu.

Tena kuna jambo la ajabu. Mwezi wa Januari 1952, Rais William Tubman wa Liberia alipoapishwa kwa mara ya pili, serikali ya Marekani ilipeleka wajumbe, na Bibi Bethune alikuwa mmoja wao. Alikuwa na umri wa miaka 76, akitembea kwa bakora. Ile Afrika aliyokataliwa akiwa msichana, akaifikia akiwa mjumbe wa taifa, na Liberia ikampa nishani yake ya Nyota ya Afrika. Subira huvuta heri.

Bibi Bethune alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 18 Mei, 1955, nyumbani kwake Daytona, akazikwa katika uwanja wa chuo alichokianzisha. Hakuacha mali nyingi. Aliandika wasia kwa watu wake, ukachapishwa mwaka ule ule alipofariki, na urithi aliowaachia ulikuwa mambo kama upendo, tumaini na kiu ya elimu. Mwaka wa 1974 sanamu yake ilisimamishwa katika bustani ya Lincoln Park mjini Washington. Jimbo la Florida liliiondoa sanamu ya jemadari mmoja wa jeshi lililopigania utumwa, iliyokuwa katika jengo la bunge la Marekani, na mwaka wa 2022 mahali pake likapeleka sanamu ya marumaru ya binti huyu wa watumwa.

Wenzangu, tumfuate Bibi Bethune kwa mambo matatu. Kwanza, nia yake ilitokana na haja aliyoiona kwa macho yake: majirani waliopunjwa pamba, watoto wasio na shule, mgonjwa aliyelazwa barazani. Pili, aliposhindwa kupita njia moja hakuiacha kazi. Alitaka kufundisha Afrika, akafundisha Florida, na kufundisha kulikuwa kule kule. Tatu, hakungoja awe na vyote ndipo aanze. Tukiketi kuandika shabaha zetu, tusiandike jina la cheo tu. Tuandike pia ni nani atakayefaidika, na kitu gani tunaweza kukianza muhula huu huu kwa makasha na vijiti tulivyo navyo. Kwa wazazi na walimu wetu ninaomba jambo moja: mkumbukeni yule fundi wa nguo wa Denver. Pengine katika kijiji chenu yuko mtoto anayechuma pamba, au kuchunga mbuzi, au kubeba maji, naye anangoja mtu mmoja tu amlipie nauli ya kwenda shuleni.